Mkate wa Jana

Alfajiri, El Alto. Dirisha limelowa kwa ndani
na mimi, kwa kidole, naandika juu ya kioo
jibu la swali la nne: glukosi, jumlisha oksijeni...
Baba bado amelala. Kila akishusha pumzi
mwisho wa mstari wangu unafifia.

Jana usiku alikula marraketa mbili na supu ya viazi vikavu.
Moto hatukuuona, moshi haukupanda,
lakini weka mkono kifuani pake:
jiko.

Mwalimu Filomena anasema seli haina pupa.
Sukari ingewaka kwa mkupuo mmoja, tungeteketea kama karatasi.
Kwanza huipasua vipande viwili, nje ya kinu,
bila hata hewa, kwa faida ya kiduchu;
kisha mitokondria huvipokea,
huvipukuchua kama muhindi,
elektroni kwa elektroni, kidato kwa kidato,
na chini kabisa oksijeni imekaa mikono wazi,
inadaka kila kilichochoka kushuka
na kukigeuza maji.

Darasa zima lilisinzia. Mimi nilielewa,
maana baba hubeba saruji.
Ghorofa ya sita, lifti hakuna. Kila gunia likifika juu
Don Anacleto humpa kizibo cha soda.
Jioni huvihesabu, hulipa, huvirudisha koponi.
Kesho vizibo ni vilevile.
ATP nayo ndivyo: haiwekwi akiba,
hutumika, hurudi pungufu, hujazwa,
mara ngapi kwa siku sijui, mtihani haukuuliza.

Jumanne alipandisha magunia ishirini mfululizo.
Hewa ya huku juu ni haba;
damu ikachelewa, misuli ikaanza kukopa,
asidi ikajaa mapajani,
miguu si yake tena, ya kuazima.
Akaketi ngazini, anahema, analipa deni.
"Unategea, Hilarión?"
"Napumua," baba akajibu. "Nayo ni kazi."
Kizibo cha gunia lile hakupewa.

Tone moja linateremka kiooni,
linapita katikati ya jibu langu. Naligusa. Baridi.
Jana lilikuwa ngano.

Baba anaamka, anapangusa dirisha kwa mkono wa sweta
aone kama theluji imeanguka.
"Ulikuwa unaandika nini hapa?"

Namkatia mkate.