Kila Kitu Kinakunywa

Kinu hakizimwi leo, amesema Bwana Emuron.
Malori manne yako getini, yanasubiri unga wa posho wa kwenda Juba,
na dereva mmoja ameshaanza kupiga honi.
Basi nimefungua mlango wa paneli huku mawe yakisaga,
sakafu ikinitetemesha nyayo,
na mwamba wa Tororo dirishani, umekaa tu.

Nimeleta mita. Moja, haizidi kitabu cha sala,
uso wa kioo, tarakimu za kijani.
Mkurugenzi anaitaka ofisini kwake, karibu na kalenda,
ajue umeme unakwenda wapi usiku.
"Hiyo haili kitu, Nyaketcho. Kazi ya saa moja."

Nyuma ya mlango ziko pete tatu nyeusi,
baa ya shaba imepita ndani ya kila moja.
Mia nne zikipita kwenye baa, tano hushuka kwenye waya,
zikazunguka kifaa baada ya kifaa
kama kata moja ya maji inayopitia midomo mingi.
Na pete ina volti-amperi kumi tu za kugawa.
Imeandikwa ubavuni mwake. Haikopeshi.

Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha ya mshahara:
ammita ya zamani, moja na nusu.
Mita ya kilowati, mbili.
Waya za kutoka kwenye pete hadi hapa, karibu nne.
Mita mpya, nusu. Nusu tu! Mkurugenzi hakukosea.
Lakini waya za kumfikia yeye na kalenda yake: tatu.
Kumbe anayekunywa si mgeni.
Ni njia.

Na bado hesabu haikutulia.
Voltimita ilisema zaidi ya mchoro.

Fundi Obbo, aliyefunga yote haya, alikuwa na vidole tisa
na hakupenda maswali.
Mchoro wake wa penseli hauonyeshi sanduku la bati
nililolikuta chini, nyuma, limefunikwa na vumbi la mahindi:
kinasa-chati. Kalamu imekauka juu ya karatasi,
mstari mwekundu umepanda kidogo, halafu basi.
Kimekufa, lakini koili yake imo njiani bado.
Inakunywa. Nne nyingine, mchana na usiku,
na pete zimelemewa miaka yote hiyo,
zikisema pungufu ya kweli,
nasi tukiandika daftarini.

Sasa polepole.
Mzunguko huu haufunguliwi baa zikiwa zimebeba.
Zile tano hazikubali kukosa njia;
zitapanda kuwa volti elfu na zaidi, zitafute kidole.
(Cha Obbo zilikipata.)
Kwanza kiungo cha shoti, awamu ya kwanza. Kaza skrubu. Kaza tena.
Mshale wa ammita ukalala.
Awamu ya pili. Ya tatu. Mishale yote imelala,
na kinu kinaendelea kusaga bila kujua.
Hapo ndipo nikavuta pumzi, nikamtoa yule maiti waya kwa waya,
nikaiweka mita mpya mahali pake palepale,
bila kuongeza hata shubiri ya waya.
Waya wa ardhi niliuacha ulipo: mmoja, mahali pamoja.

Mkurugenzi atatembea hatua thelathini kuja kuisoma.

Nikalegeza viungo, kimoja, kimoja, sikio kwenye pete.
Kimya. Mlio wa kawaida tu.
Mshale wa ammita kuukuu ukainuka,
ukafika pale ulipozoea kukaa,
ukapita.
Ile ya kijani ikasema vilevile: mia tatu na kumi na mbili.

Bwana Emuron alikuja na daftari, akatazama, akakunja uso.
Asubuhi aliandika mia mbili na tisini.
"Mita yako mbovu," akasema.

Nilikuwa nakunja karatasi ya chati, nikaitia mfukoni.
Nje honi ililia tena.