Upupu wa Bondeni

Bi Mwanahawa hakuwa mtu wa kukumbatia.
Alinipa sare, viatu, daftari za mistari,
chai ya rangi saa kumi na moja na nusu,
na shikamoo yangu aliipokea mlangoni
kama risiti.
Wanawake wa Kigogo walinong'ona bombani:
mama wa kambo si mama.
Nilikuwa na miaka minane. Nilijaza ndoo yangu, nikaondoka.

Kisha tetekuwanga ikanitoka,
mgongoni, mashavuni, hata ndani ya sikio.
Akavuta jiwe la liwa kutoka mvunguni,
akasugua kile kijiti kwa maji kiduchu,
duara, duara,
mpaka jiwe likatoa uji unaonukia harusi.
Akatia manjano, akatia mwarobaini uliopondwa,
akaniambia, "Vua shati."

Halafu vidole.
Vidole nilivyovijua kwa sufuria na kuhesabu chenji
vilipita kipele kwa kipele, havikuruka hata kimoja,
na vilipopita palipoa.
Liwa ikikauka huvuta ngozi.
Yangu ilipasuka shavuni, nilipocheka.

Siku tisa. Nilizihesabu.
Ya kumi nikapona,
na sijawahi kuchukia uzima kama asubuhi ile.

Ndipo nikateremka bonde la Msimbazi,
nyuma ya gereji ya Chambuso,
ambako upupu ulitambaa juu ya basi bovu
na maganda yake yenye manyoya ya dhahabu.
Nikachuma moja.
Nikajisugua mkono, shingo, na mkono wa pili,
nikarudi nyumbani nikilia, na kilio kilikuwa cha kweli.

Akaushika mkono wangu.
Akabandua unywele mmoja,
akauinua kwenye mwanga wa dirisha,
akautazama muda mrefu kuliko unavyostahili unywele.
Hakuuliza.
Akanipaka majivu ya jikoni, makavu,
maana upupu ukipewa maji hukasirika,
akayapangusa kwa kanga kuukuu,
akanipaka tena.
Muwasho ukalala.
Na hapo, kazi ikiwa imekwisha,
akavuta lile jiwe.

Alisugua polepole kuliko mara ya kwanza.
Akanipaka mikono, akanipaka shingo,
akanipaka na miguu, ambayo upupu haukuifikia.

"Siku nyingine," alisema, macho kwenye bakuli,
"ukitaka, njoo tu.
Usipitie bondeni."