Pikseli Tatu

Saa nane usiku, Tartu, theluji dirishani,
na bei ya glavu imeanguka nje ya kisanduku.
Kwangu imekaa sawa. Kwa Bi Leida, mjane wa Võru,
kwenye kompyuta kuukuu aliyoachiwa na mwanawe,
euro kumi na nane zinaning'inia chini ya picha
kama uzi uliofumuka.

"Umeniharibia duka," aliniambia kwa simu.
Sikubisha. Nilimwomba anisomee anachokiona,
akasoma, polepole, hadi nukta.

Nimeongeza pikseli tatu, nimepunguza mbili.
Nikinyoosha huku, kule kunapinda:
kivinjari hiki huhesabu ukingo ndani ya upana,
kile huuhesabu nje, na kila kimoja
huapa kwamba rula yake ndiyo rula.

Basi nikafuta yote, nikaanza na maneno machache:
safu moja, picha juu, bei chini yake.
Kisha, mstari unaofuata, gridi na mbwembwe zake.
Kivinjari kikongwe kikikuta neno kisilolijua
hakigombi. Hulipita tu, kikaendelea kusoma,

kama baba yangu mezani, masikio yalipoziba:
tulicheka, akatabasamu, hakuuliza,
akachukua mkate,
akala nasi.

Asubuhi Bi Leida akapiga tena.
"Bei imerudi. Lakini si kama ile uliyonionyesha."
Si kama ile, nikamwambia. Inasomeka?
Kimya. Kisha nikasikia sindano zake za kufumia
zikigongana.