Mgeni wa Chumba Nambari Nne

Kitabu cha wageni kina mistari ya bluu
na maswali yasiyonijua.
Jina: Mwanatumu binti Shebwana.
Utokako: Kibokoni.
Uendako: Kibokoni.
Shufaa akainua uso, kalamu imemning'inia kidoleni:
"Bi Tumu, si mzaha huu?"
Nikamhesabia noti mezani, elfu mbili na mia tano,
za zamu yangu ya mchezo, zingali na mkunjo wa leso.
"Mzaha hauna risiti," nikamwambia. "Niandikie yangu."

Miaka kumi na mmoja nimeingia nyumba hii kwa mlango wa nyuma,
nikitoka na bunda la usingizi wa watu:
jasho la wachuuzi wa Kisumu,
mchanga wa fungate,
na machozi. Machozi hayaachi doa,
ila nayajua kwa chumvi inavyokaza foronya.
Leo nimepita mlango wa nakshi,
mkononi mkoba, ndani yake leso moja na mswaki.

Ngazi ni zile zile, thelathini na tatu,
ya kumi na tisa ingali inalia.
Chumba ni kile kile,
ila sijapata kukikalia.
Nimeketi ukingoni mwa kitanda kama mtu kwa daktari.

Ukutani pana picha.
Aliiacha Mtaliano mmoja, mwaka ule maji yalipokatika wiki tatu
tukanunua ya mkokoteni, hata ya kutawadhia.
Ni mji wao wa milimani, alisema, wa kale kama huu,
vichochoro ambamo watu hupishana kwa mabega,
na hoteli ya mamake: ghorofa mbili, madirisha sita,
theluji juu ya paa
kama shuka lililosahauliwa kuanuliwa.
Nilimuuliza jambo moja tu, nusu kwa mdomo, nusu kwa mikono:
huko, nguo hukauka lini?
Akacheka.
Kisha akaacha kucheka.
Mamake, alisema, alizianika darini,
asubuhi akazikuta zimesimama kama mbao,
na vidole vyake vikipasuka kwenye viungo.
Nikamwonyesha vyangu.
Akavitazama muda mrefu, kama mtu asomaye barua ya kwao.

Nimejilaza. Shuka hili nalijua:
chini ya pindo, upande wa miguuni,
pana doa la hina la bi harusi wa Bondeni,
lililokataa ndimu, likakataa jiki, likakataa dua.
Nikalitafuta gizani kwa kidole cha mguu.
"Hujambo," nikaliambia.

Feni inasaga hewa ile ile.
Vichochoro viwili tu kutoka hapa, nasikia nyumba yangu:
sufuria imeanguka,
mjukuu anakohoa, kikohozi kikavu, si cha kutisha,
Swaleh anauliza kwa sauti dawa ya mbu i wapi.
Jibu likanijia hadi menoni.
Nikalimeza.
Mgeni hajui iliko dawa ya mbu.

Wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi nimelipa moja,
na jembe langu ni karai,
limeinamishwa uani, lanisubiri.

Alfajiri mkono ulitangulia akili,
ukaanza kuvua foronya.
Nikaukemea.
Nikakiacha kitanda kimevurugika,
bonde la mwili wangu katikati,
mwenye kuliona na alione.

Saa tatu Shufaa yuko mlangoni pangu na bunda.
Hakusema kitu. Nami sikusema.
Nikafua ya nambari mbili, nikafua ya nambari saba,
taulo za wale wa Kisumu, na vitambaa vya meza.
Maji yakawa mazito, rangi ya chai.
La nambari nne nikaliweka kando
mpaka mwenye mkokoteni alipopita,
nikalinunulia mtungi wake peke yake.