Misi

Kamusi ya shule yetu, Muyeye, haina jalada.
Ukurasa wa M una doa la mafuta ya kaimati,
na chini ya doa wanakaa wawili, tahajia moja,
namba moja, namba mbili,
kama wapangaji wa ua mmoja wasiosalimiana.

Wa kwanza ni kitenzi: kukosa shabaha, kukosa basi la Mombasa,
kumkosa mtu mpaka kiti chake kikuangalie.
Wa pili ni wa kumwitia mwalimu wa kike,
awe ameolewa, asiwe.
Sisi tulimwita hivyo Misi Nyevu,
chaki sikioni, kikohozi cha vumbi la ubao.

Nikabisha: lazima hawa ni ndugu!
Akacheka. "Hapana, Toya.
Kila mmoja na ukoo wake. Sura tu."

Muhula wa pili, barua ya uhamisho: Garsen.
Kitini imebaki sweta.
Mwalimu mpya, mwanamume, anaita majina;
alipofika kwangu nikaitika,
"Misi."

Darasa zima likaangua kicheko.
Lakini sikukosea.
Nilisoma namba moja.