Upande wa Pili

Kibati cha mashine kimeandikwa mia sita na tisini.
Ukutani, banda nambari kumi na saba, Mabela,
zipo volti mia nne na kumi na tano, basi.
Haiwezi kujikaza kidogo? akauliza Bi Shinuna.
Mota haijikazi, mama. Mota huungua.

Msumeno ameununua mnadani, Sohar,
wa Kiitaliano, wa kukatia marumaru,
kwa bei ya gari bovu;
na alipokwenda kuomba laini ya kiwanda
akapewa fomu, fomu ikazaa fomu,
na karani akamwambia kwa adabu zote:
labda baada ya Ramadhani.
Hakusema ipi.

Ndipo akanipigia mimi,
yule fundi wa kike anayesema kama kule.

Transfoma niliipata Wadi Kabir, kwenye yadi ya vyuma,
sanduku la kijivu, zito kama ng'ombe mjamzito.
Biju na Shafiqul waliliingiza likibingirika juu ya mabomba,
jasho likiandika njia yao sakafuni na kufutika.

Ndani hamna siri kubwa.
Chuma katikati. Shaba imezungushwa huku mara chache,
kule mara nyingi.
Na nyaya za huku hazigusani na za kule,
hata unywele haupiti.
Umeme unaingia, unageuka sumaku,
sumaku inavuka mikono mitupu
na ng'ambo inageuka umeme tena,
mkali kuliko ulivyoondoka.

Kumbe bure! akacheka Bi Shinuna.
Hakuna bure.
Mashine ikinywa ampea arobaini,
ukuta unatokwa na sitini na saba.
Cha juu kikipanda, wa chini ndiye anayelipa.
Akanyamaza. Kama ada za shule, akasema.

Saa nne na nusu nikawasha.
Ta!
Breka ikaruka, na pasi za dobi wa jirani zikapoa,
naye akatoka na kanzu ya mtu begani kuja kututazama.
Transfoma ikiamka huvuta pumzi moja tu,
ampea mia tano, mia sita,
kisha hutulia kana kwamba si yeye.
Nikaweka breka mvumilivu zaidi.
Dobi nikamwomba radhi.

Halafu Biju, akishika waya wa katikati:
Huu unakwenda wapi?

Ndilo swali.
Upande wa pili haurithi ardhi ya upande wa kwanza.
Usipouchimbia yake, unaelea;
unafanya kazi, mwaka, miaka,
na siku waya mmoja utakapochubuka na kulalia bati
hakuna fyuzi itakayojua,
mpaka mkono wa mtu.

Tukapigilia nondo nyuma ya banda.
Changarawe, changarawe, kisha vumbi jekundu.
Ardhi kavu haipokei; nikasoma mita, nikatikisa kichwa.
Tukapigilia ya pili. Bi Shinuna akaleta ndoo,
maji na chumvi ya jikoni, akamimina polepole,
akinihoji: Nyie wa wapi hasa?
Mimi nimezaliwa Ruwi, nikamwambia.
Chake Chake naijua kwa masikio,
mama akikaanga vitumbua na kumgombeza mtu asiyekuwepo.
Akamimina ndoo nyingine.
Sindano ya mita ikashuka.

Adhuhuri msumeno ukaingia kwenye jiwe.
Maji meupe kama tui yakatiririka hadi mlangoni,
na sanduku la kijivu likaguna sauti moja, nzito,
isiyopanda wala kushuka.
Nikaligusa ubavuni. Vuguvugu. Sawa.

Kabla ya kuondoka nikachukua rangi nyekundu,
nikaandika juu yake HATARI, 690:
kwa Kiarabu, kama sheria inavyotaka;
Biju akaongeza yake, Shafiqul yake.
Kiswahili hakuna aliyekiomba.
Palikuwa na nafasi chini, karibu na waya wa ardhi.
Nikapiga goti, nikaandika.