Kona ya Kushoto

Jumatatu, Newala, ukungu bado umelala barabarani,
nikawasha mashine, nikapeleka kipanya kulekule,
kona ya kushoto, chini,
mahali mkono wangu umekwenda miaka kumi na minne
bila kuniuliza.

Hapakuwa na kitu.
Kishale kikasimama pale kama mtu
aliyebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Vitufe vyote vimesogea katikati,
vimejipanga kama ukoo kwenye picha ya harusi.
Maneno yamefutwa, zimebaki alama:
duara lililomegwa, ndege ya karatasi, kitu kama jino.
Nikabonyeza jino. Ikafunguka hali ya hewa:
Newala, mawingu.
Hayo nilikwisha kuyaona dirishani.

"Limeboreshwa," akasema Hokororo, kijana wa mitambo,
aliyepanda basi la alfajiri kutoka Mtwara mjini,
flashi shingoni kama hirizi.
"Toleo jipya, dada Somoe. Safi. Lina nafasi. Linapumua."
Nikamwambia, anayetakiwa kupumua ni mimi.
Nje kuna watu arobaini na magunia yao,
na mnada ni Alhamisi.

Tukabishana. Chilumba wa ghalani akawa upande wake,
maana Chilumba hupenda chochote kinachong'aa.
Mama Nantende wa uhasibu akawa upande wangu,
kisha akahama, alipoonyeshwa namna ya kuweka
picha ya mjukuu wake nyuma ya kila kitu.
Kipya kinyemi, nikamwambia, ingawa kidonda.
Hakunijibu. Alikuwa anamtazama mjukuu.

"Utazoea," akasema Hokororo.

Neno hilo nalijua.
Niliambiwa nilipoolewa Kitangari,
nyumba isiyo na tangi, maji ya kununua kwa ndoo.
Niliambiwa tena tulipomzika aliyenioa.
Na ni kweli, nilizoea.
Ila sijawahi kulisikia
kutoka kwa mtu ambaye siku hiyo
yeye mwenyewe alikuwa na cha kuzoea.

Ndipo nikamkumbuka Mzee Namkulala,
karani wa kabla yangu, na daftari lake la jalada la kijani,
mistari kwa rula, saba zake zenye mkato tumboni.
Mimi ndiye niliyelipeleka stoo lile daftari.
Mimi ndiye niliyemkalisha mbele ya skrini ya kwanza,
nikaushika mkono wake juu ya kipanya,
mkono unaonuka salfa ya mikorosho,
nikamwambia, kwa sauti niliyoidhani ya upole:
Mzee, utazoea.
Alikuja wiki tatu. Kipanya alikiinua hewani,
akakielekeza kwenye kioo, akasubiri.
Wiki ya nne hakuja.
Hatukuuliza.

Saa nne mkulima akagonga dirisha.
"Binti, mnatafuta nini humo muda wote huu?"
Kitufe.
"Kimeibiwa?"
Kimehamishwa.
Akafikiri kidogo. "Na kilo zangu?"
Nikazitafuta. Mia mbili kumi na nane, daraja la kwanza.
Zilikuwepo, mibonyezo mitano mbali
badala ya miwili.

Jioni Hokororo akanionyesha, kwa kunong'ona,
kama anayeuza korosho za kangomba,
mahali pa kurudisha vitufe kushoto.
Sura zao za zamani, akasema, hata yeye hana.
Vikarudi kona na nyuso zao ngeni,
kama watoto waliotoka shule ya bweni:
wanakaa palepale,
hawaongei vilevile.

Nikamshukuru. Nilimaanisha, karibu yote.

Mnada ukiisha nitapita Mkunya.
Wanasema mzee bado anaandika:
mikorosho kumi na sita, kila mti na mstari wake.
Sina la kumwambia.
Nataka tu kuziona zile saba.